Tathmini mbili za mimea kwenye ardhi moja: ya kwanza ilitaka tupande, ya pili ilitaka tuhesabu kwanza

Sisi ni wafuga nyuki wanane, na kwa pamoja tunasimamia hekta 23 za ardhi. Juu kuna ubavu wa kilima wenye nyasi, katikati kichaka kilichoshikana, chini yake chemchemi na kinamasi kinachokaribia ukubwa wa viwanja viwili vya mpira, kisha ukanda mwembamba wa msitu unaofuata kijito mpaka mpakani. Miaka miwili iliyopita tuliahidiwa miche 6,000 ya bure. Kabla ya kuipokea tukakubaliana tulipie tathmini ya mimea, tujue kilichopo na miche iende wapi. Tuliishia kulipia tathmini mbili za ardhi ileile kutoka kwa watoa huduma wawili tofauti. Naandika haya kwa sababu wakati natafuta mtu wa kumkabidhi kazi hii nilikuta matangazo mengi, lakini sikukuta mteja hata mmoja aliyesimulia alichopata kwa fedha yake.

Majina yao siyataji. Wa kwanza hawana nafasi ya kunijibu hapa, na wa pili ameniomba nisimtaje kwa sababu nitakayoieleza mbele. Kwa kifupi, kazi ya kwanza haikustahili malipo, na ya pili naipa nyota nne kati ya tano.

Kwanza niseme kuhusu daftari langu. Kwa miaka 11 nimekuwa nikiandika kila wiki ni mmea gani umeanza kuchanua, uko upande gani, nyuki wanauendea saa ngapi, na chavua wanayoibeba miguuni ina rangi gani. Majina mengi yaliyomo nimeyatunga mwenyewe: "njano fupi ya kinamasini", "zambarau ya baada ya moto". Hakuna jina la Kilatini hata moja. Lakini kila mstari una tarehe, na mfuga nyuki huzijua tarehe hizo mwilini mwake, maana ndizo zinazomwambia kama mizinga itashiba au itahama. Nalitaja daftari hili mapema kwa sababu namna kila mtaalamu alivyolipokea ilitabiri kazi yake yote.

Wale wa kwanza walikuja wawili, mara moja tu, kiangazi kikiwa kimekolea na nyasi zimegeuka rangi ya vumbi. Walishuka kwa njia ya miguu kutoka lango la juu hadi kijitoni, wakapiga picha, wakatia alama chache kwenye kifaa cha GPS, na baada ya saa nne wakaondoka. Niliwanyooshea daftari. Mmoja wao aliniambia kwa upole kwamba wao hutumia takwimu rasmi. Siku tisa baadaye tukapokea ripoti ya kurasa 86.

Niliisoma mara tatu. Zaidi ya nusu yake ilikuwa maelezo ya umuhimu wa bioanuwai ambayo yangeweza kubandikwa kwenye ripoti ya ardhi yoyote. Orodha ya mimea ilikuwa na spishi 112, na katika ukurasa wake wa pili nikakuta mkoko. Mkoko huota mahali maji ya chumvi yanapopanda na kushuka. Kijito chetu ni cha maji matamu, kinazaliwa kwenye chemchemi ya kilimani. Hakuna mtu aliyeuona mkoko pale. Jina lilihamishwa kutoka kwenye orodha nyingine na hakuna aliyerudi kusoma. Nilishika karatasi ile nikaumia sana, maana kama jina hilo lilipita, sikuwa na sababu ya kuyaamini mengine 111.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa neno moja katika mapendekezo. Ubavu wetu wa nyasi uliitwa "eneo tupu", linalofaa kujazwa miti inayokua haraka: mikaratusi na lusina, nafasi ya mita tatu kwa tatu. Ubavu huo katika daftari langu una mistari mingi kuliko msitu wote wa kijitoni. Mvua za kwanza zikinyesha, mimea huchomoza pale kutoka kwenye viazi na mizizi minene iliyokaa ardhini miaka mingi, inachanua kwa majuma machache, kisha inarudi chini. Ukija kiangazi hutaiona. Mimea ya namna hiyo huhitaji jua kamili. Ukiitandazia kivuli cha miti inanyong'onyea na kufa, na hata ukija kuikata miti baadaye hairudi yote, kwa sababu mingi haina akiba ya mbegu kwenye udongo. Akiba yake ilikuwa ni ile mizizi yenyewe. Uwanda wa nyasi wa kale si msitu ulioshindwa kuota. Una umri wake, una spishi zake, na kaboni yake nyingi imehifadhiwa chini ya ardhi ambako moto haufiki.

Kuhusu miti iliyopendekezwa, mtu yeyote anaweza kujikagulia mwenyewe bure, na laiti ningejua hilo mapema. Bustani ya mimea ya Kew nchini Uingereza inaendesha tovuti ya Plants of the World Online. Unaandika jina la kisayansi, inakupa ramani: rangi ya kijani mahali mmea ni wa asili, zambarau mahali uliingizwa na watu. Lusina, yaani Leucaena leucocephala, ina kijani chake Meksiko na Amerika ya Kati, na zambarau imetapakaa karibu ukanda wote wa joto duniani. Imo katika orodha inayojulikana sana ya spishi vamizi 100 mbaya zaidi duniani. Mikaratusi karibu yote asili yake ni Australia. Sisemi kila mti wa kigeni ni adui; asali ya mikaratusi nimewahi kuivuna na wateja waliipenda. Nasema kwamba mtu aliyelipwa kutathmini mimea asilia alipaswa kutuambia mti unatoka wapi kabla ya kutuelekeza tuupande juu ya chemchemi.

Basi tukatafuta mwingine. Tulimpata mwanamke mmoja mtaalamu wa mimea, anayefanya kazi na msaidizi mmoja. Nilipompigia simu alikuwa na maswali mengi kuliko mimi, na la kwanza lilikuwa: "Mnataka kuamua jambo gani?" Nikamweleza habari ya miche. Akasema atakuja mara tatu: mvua zikianza, wakati wa maua mengi, na kiangazi kikielekea kwisha. Nikamwambia waliotuahidi miche hawawezi kungoja muda wote huo. Akajibu kwamba hawezi kunipa jibu la mwaka kwa kuangalia siku moja, na kwamba kama tunahitaji hilo tumtafute mtu mwingine.

Tulikosa miche. Hilo ni la kweli na lazima niliseme, maana ni sehemu ya gharama ya huduma nzuri. Ilikwenda kwingine, na wenzangu watatu kati ya wanane hawakufurahi. Mmoja mpaka leo anaamini tulipoteza bahati.

Siku ya kwanza hakwenda shambani kabla ya saa nne. Alikaa na daftari langu. Aliligeuza ukurasa kwa ukurasa, akawa ananiuliza: hii zambarau ya baada ya moto, inachanua siku ngapi baada ya kuungua? Majani hutangulia au maua hutangulia? Ukikata shina linatoa utomvu? Akatengeneza kalenda kutoka kwenye maandishi yangu na kuitumia kuchagua juma la ziara ya pili. Baadaye, kati ya majina 74 niliyokuwa nimeyatunga, alifanikiwa kuyapa 61 majina yake ya kisayansi. Katika ripoti yake majina yangu yamewekwa safu moja na ya Kilatini, yakiwa na tarehe zangu. Sijawahi kulipwa heshima ya namna hiyo kwa kazi ambayo hakuna aliyenituma niifanye.

Sasa niwaelezee kazi yenyewe, kwa sababu mteja akijua kazi inavyofanyika hadanganyiki kirahisi.

Kwenye nyasi alitumia fremu ya mraba ya bomba la plastiki, mita moja kwa mita moja. Wengi huirusha fremu ovyo na kusema wamechagua bila upendeleo. Yeye alikataa, kwa kuwa mkono wa mtu hurusha mahali panapovutia au panapofikika. Alivuta kamba ya mita mia kutoka juu ya ubavu kwenda chini, mahali pa kuanzia palipatikana kwa namba zilizochaguliwa kwa bahati nasibu tangu nyumbani, na fremu ikalazwa kila baada ya mita kumi. Zilipolala kwenye miiba, zililala kwenye miiba. Tulifanya fremu 40, na kila moja ikapigiliwa vigingi viwili vya chuma kwenye pembe mbili ili mtu aweze kurudi palepale mwaka ujao.

Ndani ya kila fremu unaandika spishi zote, halafu unakadiria kila moja inafunika sehemu gani ya ardhi. Hapo ndipo nilipojifunza jinsi jicho linavyodanganya. Fremu ya tatu ilikuwa na ua la njano ninalolipenda, nikasema linafunika asilimia 60. Akaniambia nipige magoti, niyaache maua, niangalie majani peke yake. Lilikuwa chini ya 25. Maua yalikuwa yamelivuta jicho langu. Kwa kipimo cha Braun-Blanquet alichotumia, kilichoachwa na mtaalamu wa mimea wa Uswisi wa jina hilo, namba 2 ni asilimia 5 hadi 25, namba 3 ni 25 hadi 50, namba 4 ni 50 hadi 75, na 5 ni zaidi ya hapo. Ngazi hizo pana zinasaidia kwa sababu watu wawili wakikadiria tofauti kidogo bado wanaangukia ngazi moja. Kuanzia fremu ya kumi tulikuwa tunakubaliana karibu kila mara.

Jambo jingine alilonifundisha ni namna ya kujua umetosheka. Fremu ya kwanza ilitupa spishi 19. Ya pili ikaongeza nane mpya, ya tatu tano. Kutoka ya 28 hadi ya 40 tulipata mpya mbili tu. Akachora mstari unaopanda halafu unalala, akasema mstari ukilala, umeshaiona sehemu kubwa ya kilichopo. Kinamasini mstari ulikuwa bado unapanda tulipofika mwisho wa mpango, naye akaongeza fremu kumi bila kutudai nyongeza. Ukimlipa mtu afanye tathmini, mwombe akuonyeshe mstari huo. Asiyeweza kuuonyesha hajui kama alihesabu vya kutosha.

Msituni fremu haifai. Alipima viwanja vya mita 20 kwa 20, akazungusha utepe kwenye kila shina kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, halafu akainama na kuhesabu vichipukizi. Mimi nimepita chini ya miti ile maisha yangu yote nikiona msitu wenye afya. Hesabu ilionyesha kwamba kwa spishi mbili kati ya zile kubwa, ambazo maua yake hulisha mizinga yangu kwa mwezi mzima, kulikuwa na miti mizima na hakukuwa na mche hata mmoja uliofika kimo cha goti. Mbuzi na ng'ombe wanaokuja kunywa maji hula kila kinachoota, na pembezoni lantana, kichaka cha kigeni kinachoenea haraka, kimeziba mwanga. Miti ile inazeeka bila warithi. Hakuna picha ya setilaiti ingeweza kuniambia hivyo, kwa maana kutoka angani msitu ni wa kijani vilevile.

Halafu kinamasi. Alivua viatu. Alitembea polepole kwenye maji ya kufika kifundoni, akachuchumaa karibu na bonge la kuvumwani, ile mimea midogo laini inayotanda mahali penye unyevu, akanipa lensi yake ya mkono inayokuza mara kumi na kusema, "Angalia hapa." Palikuwa na majani madogo ya mviringo, ukubwa wa kitufe cha shati, yaliyojaa vinywele vyekundu, na kila kinywele kikiwa na tone linalometa nchani. Kwenye jani moja mbu alikuwa amenasa na jani limeanza kumkunjia. Ni Drosera, mmea unaokula wadudu. Huota kwenye udongo wenye maji na wenye uhaba mkubwa wa rutuba, ndiyo maana naitrojeni yake huitafuta kwa wadudu. Miaka 11 ya kuandika na sikuwahi kuuona, kwa kuwa maua yake ni madogo na nyuki wangu hawauendei. Akanieleza kwamba adui yake mkubwa ni rutuba: mbolea ya shambani ikitiririka kutoka juu, nyasi ndefu zitastawi, zitaufunika, na utakufa kwa kukosa jua. Mpango wetu wa miche 6,000 ulikuwa na ratiba ya kutia mbolea kila shimo, juu kabisa ya kinamasi kile. Nilinyamaza muda mrefu.

Kuna mmea mwingine alioupata siku ya pili ya ziara ya pili, na huo siuelezi. Ni okidi, jamii ya mimea inayosakwa kwa ajili ya maua yake. Jina lake, rangi yake na upande inakoota vitabaki kati yetu, na ndiyo sababu mtaalamu hataki jina lake lionekane hapa, kwa kuwa wanaojua anakofanya kazi wangeweza kutufuatilia. Okidi zinaibwa. Familia nzima ya okidi imewekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini uliotiwa saini 1973, na bado wezi wa mimea husoma orodha na ripoti wakitafuta mahali pa kwenda. Ile ripoti ya kwanza ilikuwa na sentensi moja iliyosema mimea adimu ikipatikana "ihamishiwe eneo salama". Nilimuuliza kuhusu hilo. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, na haioti bila kuvu maalumu wa udongoni wa kuilisha. Ukiung'oa mmea mzima ukaupeleka mahali pasipo na kuvu wake, mara nyingi utaishi kwa muda kisha utakufa, na hautazaa. Eneo salama la okidi ile ni pale ilipo.

Mimea tisa hakuweza kuitambua shambani. Hakubahatisha. Aliikausha kati ya magazeti, akiwa amebana mbao pande zote mbili, akibadilisha karatasi kila siku, na kila sampuli ikaandikiwa tarehe, mahali, mwinuko, kimo cha mmea, udongo, na rangi ya ua, kwa kuwa rangi hupotea mmea ukikauka. Pale ambapo mimea ilikuwa michache mno alipiga picha tu na hakuchuma. Sampuli zilikwenda kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, na majibu yaliporudi, mmea mmoja aliokuwa ameutaja kwa uhakika ulionekana kuwa spishi nyingine kabisa. Aliandika hilo kwenye ripoti kwa sentensi kamili: nilisema hivi, nilikosea, ni hiki, na sampuli namba fulani iko mahali fulani kwa yeyote anayetaka kuhakikisha. Sentensi hiyo moja ilinifanya niiamini ripoti yote.

Orodha yake ina spishi 187. Nilitarajia kila moja iwe na alama ya hatari au usalama kutoka Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, orodha iliyoanza 1964. Nyingi zimeandikwa "haijatathminiwa". Nilidhani maana yake ni kwamba ziko salama. Sivyo kabisa. Kuna daraja la "wasiwasi mdogo", ambalo spishi hulipata baada ya kuchunguzwa, na kuna "haijatathminiwa", ambayo maana yake ni kwamba hakuna aliyewahi kuipima. Wengi wanachanganya haya mawili, na mipango ya ujenzi hupitishwa kwa mchanganyiko huo. Akanionyesha pia jinsi eneo la spishi linavyopimwa: ramani inagawanywa miraba ya kilomita mbili kwa mbili, na kila mraba uliothibitishwa kuwa na mmea unahesabiwa kilomita nne za mraba. Spishi ikiwa na jumla ya chini ya kilomita 500 za mraba, na dalili nyingine za kupungua zikiwepo, inaweza kuingia daraja la walio hatarini; chini ya 10, daraja la hatari kubwa kabisa. Kwa hiyo rekodi moja iliyothibitishwa kutoka kwenye kinamasi kama chetu inaweza kubadilisha hesabu ya spishi nzima. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba sisi wanane tuna uzito huo.

Mapendekezo yake yalikuwa kurasa nne. Tusipande chochote kwenye ubavu wa nyasi, ila mifugo iendelee kulishwa kwa zamu, kwa sababu nyasi zisipoliwa wala kuungua kwa miaka mingi vichaka huzimeza. Tuzungushie uzio chemchemi na kinamasi, na maji ya mifugo tuyatoe nje kwa bomba. Lantana tuing'oe na mizizi yake, kwa vipande vya mita kumi, tukiacha vipande kati yake, maana ukikata tu inachipuka upya, na ukiondoa yote kwa mkupuo ardhi ya mteremko inabaki uchi na ndege wanakosa pa kujificha. Kisha tungoje msimu mzima wa mvua kuona udongo wenyewe utaotesha nini. Kupanda kuje mwisho, mahali pasipoota kitu, na kwa mbegu za miti yetu wenyewe.

Alituachia pia maelekezo ya kukusanya mbegu, ambayo kwangu ndiyo yaliyozidi thamani ya malipo yetu. Usichukue zaidi ya mbegu moja kati ya tano zilizoiva siku hiyo. Chukua kwa miti mingi kadiri inavyopatikana, usivune yote kwa mti mmoja unaozaa sana, la sivyo utapata msitu wa ndugu. Pasua mbegu kumi kwa wembe kabla ya kujaza mfuko, uone kama zina kiini au zimeliwa na wadudu. Mbegu ndogo ngumu huvumilia kukaushwa na kuhifadhiwa. Benki ya mbegu ya Kew iliyoko Wakehurst huziweka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Lakini mbegu kubwa zenye unyevu, kama za mmoja wa miti yetu ya kijitoni, zikikauka zimekufa. Hizo zipandwe mara moja. Tulikuwa tumewahi kuzianika juani majuma mawili na kulaumu udongo.

Sasa ile nyota moja aliyoikosa. Ripoti ilichelewa majuma saba na hakutuarifu mpaka tulipouliza. Ramani zake zilikuwa nzito mno kufunguka kwenye simu, na sote tunatumia simu. Kuvu na kuvumwani hakuvigusa, na hakutuambia mapema kwamba havimo kwenye kazi yake. Kubwa kuliko yote, toleo la kwanza alilowatumia wanachama wote lilikuwa na kiambatisho chenye mahali halisi pa ile okidi, hadi hatua ya mita. Niliona usiku, nikampigia. Aliomba radhi bila kujitetea, akatuma toleo jipya kabla ya asubuhi, na akatuomba kila mmoja afute la kwanza. Lakini faili likishatoka limetoka. Hata iNaturalist, programu ya simu inayotumiwa na watu wa kawaida kurekodi viumbe, huficha yenyewe mahali halisi pa spishi zinazojulikana kuwa hatarini. Mtaalamu anayelipwa asipungukiwe na hilo. Ukimwajiri mtu, andikeni kwenye mkataba nani ataona mahali pa mimea adimu, kabla kazi haijaanza.

Mengine ya kuuliza kabla hujalipa: utakuja mara ngapi na misimu gani, sampuli zako zitahifadhiwa wapi, na je, naweza kutembea nawe? Wale wa kwanza wangeshindwa hapo kwenye simu, na tungeokoa fedha.

Uzio umefika mwaka mmoja na miezi miwili. Vipande sita vya kwanza vya lantana vimeng'olewa, na kwenye vinne udongo umeota wenyewe bila sisi kushika jembe. Viwili vimejaa lantana changa tena na tunaing'oa kwa mkono kila baada ya mvua. Kandokando ya kijito nimehesabu miche 23 ya ile miti miwili isiyokuwa na warithi, mmoja umefika kimo cha goti langu. Yule mwenzetu anayeililia miche ya bure alikuwa nami siku ya kuhesabu, na ndiye aliyeuona mche wa 23 mimi nikiwa nimeshaupita. Pea 38 za vigingi kati ya 40 bado zimesimama. Mtaalamu atarudi mvua zikianza kurudia fremu zote, na safari hii tumemwomba aje na mtu anayejua kuvumwani.